Neno la kukaushia mahindi: maji yanakwenda wapi?

MizaniBweyale aliandika:

Habari za jioni, wenzangu. Mimi ni mtu wa mizani. Nina kibanda kando ya barabara kuu ya Gulu hapa Bweyale. Nanunua mahindi ya wakulima, nayapima, nayakusanya mpaka lori la Kampala lipite. Hiyo ni kazi ya mchana. Usiku, umeme uwepo usiwepo, naandika hadithi kwenye daftari la hesabu, kurasa za nyuma, kule ambako wadaiwa wangu hawafiki.

Hadithi yenyewe iko katika nchi ambayo haipo. Nimeiita Bonde la Saba. Watu wa huko wana maneno. Si maneno ya kurusha radi wala ya kumgeuza mtu chatu. Hayo yamenichosha, na wala sijawahi kuelewa anayemgeuza jirani chatu anafaidika nini, maana sasa ana chatu kwa jirani. Maneno yao ni ya kazi za nyumbani. Kuna neno la kuamsha moto wa jana kwenye sigiri. Kuna la kumtuliza mbuzi anayevuta kamba. Kuna la kulegeza kifuniko cha jerikeni kilichogoma. Mtoto hufundishwa matatu manne na mama yake, kama anavyofundishwa kupepeta.

Linalonitesa ni neno la kukaushia mahindi. Bi Rembo, mwanamke wa hadithi yangu, anaweka kiganja juu ya gunia, ananena, anahesabu mpaka saba, na mahindi yamekauka. Nililiona zuri sana. Nikamsomea mpwa wangu wa P6 (darasa la sita). Akasikiliza mpaka mwisho bila kupepesa, kisha akaniuliza: "Mjomba, mbona ukurasa wa pili mama yake Bi Rembo ameanika mahindi kwenye turubai kutwa nzima?"

Nikamwambia neno ni gumu. Akasema, "Umeandika hata watoto wanalijua." Mtoto huyu wa dada yangu atakuwa wakili, na mteja wake wa kwanza atakuwa mtu wa kunishtaki mimi.

Nieleze pia kwa nini siwezi kulifuta tu. Kwetu huku mahindi ya msimu wa kwanza yanavunwa Julai na Agosti, na mvua ya pili haiwasubiri watu wamalize kuanika. Agosti moja nilinunua magunia 14 kwa mkupuo. Muuzaji aliniapia kwa watoto wake kwamba yamekauka. Nikang'ata punje mbili tatu, zikalia "ka" vizuri. Sikujua kwamba zile zilikuwa za juu ya gunia. Siku ya tisa nikaingiza mkono katikati, nikakuta joto kama la mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Nikatoa kiganja kina harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Mwenye lori alifungua magunia mawili, akayafunga, akawasha injini. Hata hakunitukana.

Kuna aliyenishauri niyapeleke kwa wafuga kuku. Nikachimba shimo. Magunia 14 yote, mimi na kijana mmoja wa koleo, siku mbili. Kila nikishika kalamu, Bi Rembo anaweka kile kiganja chake juu ya gunia, nami nafurahi kama mjinga.

Basi nisaidieni. Neno kama hili limgharimu nini anayelisema? Na ni nani katika Bonde la Saba atakataa kulitumia, na kwa sababu gani ambayo mtoto wa P6 hawezi kuivunja?


Mpakani_Busia aliandika:

Kaka wa mizani, pole kwa yale magunia. Lakini umenishangaza. Wewe ni mtu wa kilo, halafu umeandika hadithi ya mahindi bila kilo.

Chukua gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 20, ambalo ni la kawaida kabisa likitoka shambani. Mnunuzi anataka asilimia 13 au 13.5. Kavu yake, ukitoa maji yote, ni kilo 80. Ukilishusha hadi 13, gunia lako sasa ni kilo 92. Kilo 8 zimekwenda hewani. Sasa niambie, kama wewe unanunua mahindi mabichi na makavu kwa bei moja ya kilo (na nakujua, wengi mnafanya hivyo msimu ukipamba moto), mkulima anausemaje huo uganga wako? Amesema neno, amehesabu saba, amejipunguzia kilo 8 kwa mdomo wake mwenyewe. Huyo si mchawi, ni mjinga.

Mimi ningekuwa mkulima wa Bonde la Saba ningetafuta neno la kulowesha. Na usiseme halipo. Hapa mpakani tunalo tayari, linaitwa ndoo ya maji saa tisa usiku.

Kwa hiyo anayelitaka neno la kukausha ni mnunuzi. Ukiliweka hivyo, hadithi yako inageuka. Neno linakaa mdomoni mwa mwenye shida, na mwenye faida ni mwingine. Hapo tu tayari una ugomvi, huhitaji chatu.

Na weka mtu wa kupima. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumukuvu, ile sumu inayotemwa na kuvu kwenye nafaka, nilikuwa hapa hapa kwenye foleni. Siku chache baadaye walifungua, lakini kwa masharti: cheti, na sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mtu ambaye jana alikuwa anang'ata punje ghafla anaulizwa sehemu kwa bilioni. Hakuna jino linalong'ata hivyo.

Watu wako wa Bonde wasio na mashine wape chumvi. Chupa kavu ya kioo, mahindi mpaka theluthi, chumvi kavu vijiko viwili vitatu, tikisa dakika mbili tatu, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita 15. Ikishuka yote chini, chupa ikabaki safi, uko chini ya 15. Sisi tunatumia hiyo, na haidanganywi na punje za juu ukichota katikati ya gunia. Samahani, najua nakutonesha.


Nimeokoka256 aliandika:

Uchawi ni uchawi hata ukiupaka unga. Mnawafundisha watoto nini?


MizaniBweyale aliandika:

Ndugu yangu, ni hadithi. Hata sungura wa bibi zetu alikuwa anaongea, na hakuna aliyemwombea apungwe pepo. Tuendelee.

Mpakani, umenipiga pabaya. Ni kweli, nilinunua kwa bei moja. Yule muuzaji aliyeniapia hakuwa na sababu hata moja ya kuanika siku mbili zaidi. Nimelifikiria hilo leo nikipima, na nilipima vibaya mara mbili.


MwalimuMbale aliandika:

Nafundisha fizikia sekondari, kwa hiyo mnisamehe nikishika chaki.

Swali la "linamgharimu nini" lina jibu, na jibu halihitaji uganga. Mpakani ameshatoa namba ya kunipa kazi: kilo 8, yaani lita 8 za maji kwa gunia. Ili lita moja ya maji igeuke mvuke katika joto la kawaida la mchana inahitaji nishati ya kama megajuli 2.4. Mara 8, ni megajuli 19 na ushei. Neno la Bi Rembo lazima lizitoe mahali. Wapi?

Akizitoa kwenye hewa ya chumba alimo, hazitoshi. Hewa yote ya chumba cha kawaida haina joto hilo. Angeganda yeye na kuku wake kabla gunia halijafika nusu. Akizitoa kwenye tangi la maji la lita 1000, tangi litapoa kama nyuzi nne na nusu kwa kila gunia. Hiyo inawezekana, na ni nzuri kwa hadithi: kijiji kinajua leo kuna aliyekausha kwa sababu maji ya kuoga ni baridi. Msidhani ni mzaha. Mtungi wa bibi unapoza maji kwa njia hiyo hiyo, unyevu ukitoka juu ya udongo unaondoka na joto.

Akizitoa kwenye mkaa, kilo moja ya mkaa mzuri ina megajuli kama 29. Kwa hesabu kavu gunia moja ni thuluthi mbili za kilo. Kwenye sigiri halisi ungechoma nyingi kuliko hizo, maana sehemu kubwa inapasha moto anga.

Lakini mimi ningependa azitoe mwilini. Mtu mzima anakula megajuli 9 au 10 kwa siku. Gunia moja basi ni chakula cha siku mbili. Anahesabu mpaka saba, anasimama, magoti yanatetemeka kama aliyefunga tangu juzi. Kilo moja ya mahindi makavu ina kama megajuli 15, kwa hiyo ili arudishe alichotoa anahitaji kula kilo moja na robo na kidogo, kwa kila gunia. Uganga wako una bei, na bei yake ni mahindi.

Na mpwa wako mwambie hivi kuhusu turubai. Jua la Uganda, kwa siku ya kawaida, linamwaga kama megajuli 18 kwenye kila mita moja ya mraba. Mita moja tu ya turubai inapokea karibu kazi yote ya neno moja. Nyingi inapotea, sawa, lakini turubai lina mita ngapi? Mama yake Bi Rembo hajasahau neno. Anaona ujinga kulipa siku mbili za chakula kwa kitu ambacho jua linafanya bure. Neno ni la siku ya mawingu.


MizaniBweyale aliandika:

Mwalimu, nimesimama nikakaa, nikasimama tena.

"Neno ni la siku ya mawingu." Mpwa wangu nimemsomea kwa sauti. Amekaa kimya muda mrefu, ambayo kwake ni sawa na kupigiwa makofi na bunge zima.

Kisha nimefanya hesabu yangu mwenyewe, ya magunia 14. Lita 8 mara 14 ni lita 112. Ni majerikeni matano yaliyojaa na la sita zaidi ya nusu. Nimeyapanga hapa kibandani yakiwa matupu niyaone kwa macho. Haya maji yote yalikuwa ndani ya mahindi niliyoambiwa makavu, na mimi nililala karibu nayo siku tisa. Na kwa upande wa mwili, siku mbili mara 14 ni siku 28. Ningekuwa nalo neno lile Agosti ile, na mvua ile, ningelazimika kula chakula cha mwezi mzima kwa mkupuo au nife. Kwa hiyo hata uganga usingeniokoa magunia yote. Labda matatu. Sijui kwa nini hilo limenipa amani, lakini limenipa.

Swali la kichwa cha habari bado. Maji yanakwenda wapi? Mwalimu umeyageuza mvuke. Lita 8 za mvuke zinatoka kwa kuhesabu saba, ndani ya ghala la mabati. Zinakwenda wapi?


KijanaKisenyi aliandika:

Zinarudi kwenye mahindi bro, au zinadondoka kutoka kwenye bati. Ghala la mabati usiku linanyesha kwa ndani hata bila uganga.

Mimi niko kwenye kinu cha kusaga mahindi hapa Kisenyi, Kampala. Nataka kusema moja tu. Kukausha kwa kuhesabu saba ni haraka mno. Punje inayokaushwa kwa pupa inapata nyufa ndani, huzioni mpaka iingie kinuni, ikifika inavunjika vipande na unga wa daraja la kwanza unapungua. Tukiletewa mahindi yaliyokaushwa kwa moto mkali tunayajua kwa mlio. Huyo Bi Rembo ahesabu mpaka elfu saba.

Na lingine, samahani nimesema moja. Neno lisifute sumukuvu. Kuvu ikishatema sumu, kukausha kunaizuia isiongezeke tu, iliyomo imo. Kuosha haitoki, kupika posho (ugali) haitoki. Mwaka 2004 huko Kenya, Makueni na Kitui na jirani zake, walikufa watu 125 kwa mahindi yaliyovunda. Wengi walikuwa wanakula mahindi ya nyumbani kwao wenyewe. Ukiandika neno linalosafisha kila kitu utakuwa umewadanganya watoto. Ulifanya vizuri kuchimba shimo.


Shangazi_Bombo aliandika:

Wanangu, mmehesabu vizuri lakini mnazungumza kama makarani. Mimi nimezaliwa Bombo, nikaolewa Mombasa miaka 11, nikarudi na Kiswahili kingi kuliko vyombo. Niwape majina, maana kitu kisicho na jina lake kinaitwa uchawi na huyu aliyeokoka anakasirika bure.

Anachofanya Bi Rembo ni kunuiza. Kuweka mkono na kukisemesha kitu nia yako, huko ni kunuiza. Uchawi ni kumdhuru mtu. Chakula anachokula baada ya hapo, hicho kiitwe kafara, kwa sababu kinatolewa ili jambo likamilike, wala si lazima kafara iwe mbuzi mweusi. Lile la kulinda shamba dhidi ya wezi ni kago. Kinachofukiwa chini ya kizingiti kulinda nyumba ni fingo. Mwandishi, ukiwa na kunuiza, kafara, kago na fingo, hadithi yako inasimama yenyewe. "Neno la uganga" ni maneno ya mtu aliyesikia habari kwa mbali.

Na kila kunuiza kuna mwiko. Mganga asiye na masharti hakuna anayemwamini hata akiponya. Sharti liwe dogo na la kuudhi. Mimi ningesema: mahindi ya mbegu hayanuizwi. Mtauliza kwa nini. Kwa sababu mbegu ikipashwa joto kupita kiasi inakufa, wazee wote wanajua hilo hata bila mwalimu. Ya mbegu yanatundikwa juu ya jiko, na maganda yake, yakafukizwe na moshi polepole.

MwalimuMbale aongeze namba zake hapo.

Sasa maji. Maji hayaendi mbali, mwanangu. Kitu chochote unachokitoa nyumbani kwako kinakwenda kwa jirani. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliwahi kuchimba mfereji mzuri sana kuondoa maji ya mvua uani. Tulikaa na kesi miaka miwili.


MwalimuMbale aliandika:

Shangazi, namba yako hii hapa: mbegu ya mahindi haitakiwi kuzidi kama nyuzi 43 ikikaushwa. Ya kusaga huvumilia mpaka 60 hivi. Sharti lako limepita mtihani.


Mpakani_Busia aliandika:

Kesi ya mfereji imenikumbusha. Usiipeleke kwa mfalme. Hadithi za nchi zisizokuwepo kila kitu kinapelekwa kwa mfalme, hata kuku akipotea. Ipeleke kwa mtu kama mwenyekiti wa LC1, yule wa kijiji. Kiti cha plastiki, daftari, mhuri anaoutunza mke wake. Na anataka pesa ya soda.


MizaniBweyale aliandika:

Nimelala saa nane usiku siku tatu mfululizo kwa ajili yenu, na leo nimemwambia mteja "kafara" badala ya "kapera". Nimeandika upya. Naweka kipande, si kirefu. Msiniharibie, ila mkiona kosa la kilo semeni.

"Siku ya tatu jua halikuonekana. Mama alikunja turubai, akaliangalia gunia, kisha akamwangalia Rembo bila kusema. Posho ilikuwa tayari imesongwa, bonge kubwa kuliko kichwa cha mtoto, likiwa limefunikwa kwa sufuria. Kafara huandaliwa kabla. Anayenuiza kwanza na kupika baadaye hupatikana sakafuni.

Rembo alitenga debe moja la mbegu, akalining'iniza juu ya jiko. Gunia akaliweka kwenye mizani: mia moja. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, si juu juu, akashika punje za katikati, akanuiza. Akahesabu. Hesabu ya kukausha haina haraka. Ukiruka, punje hulia ndani na msagaji atakujua. Alipofika elfu tatu vidole vilikuwa baridi. Alipofika elfu tano hakuhisi miguu. Mama alisimama nyuma yake akiwa amenyoosha mikono, kama mtu anayesubiri embe lidondoke.

Elfu saba. Mizani ilisema tisini na mbili. Mnunuzi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi muda wote akitafuna muwa, alitikisa chupa yake ya chumvi, akaiinua kwenye mwanga, chupa ikawa safi. Akatabasamu, akahesabu pesa za kilo tisini na mbili, kwa bei ile ile ya kilo aliyolipa jana kwa mahindi mabichi.

'Na zile nane?' mama akauliza.

'Nane zipi?' akasema mnunuzi. 'Mimi sizioni.'

Wakati huo huo, ng'ambo ya ua, Mzee Kapopo alipiga ukelele. Maharage yake, makavu kama vifungo, yalikuwa yamelowa chapachapa, na juu ya yote hakukuwa na tone la mvua. Alikwenda kwa mwenyekiti bila kuvaa viatu. Mwenyekiti akatafuta daftari, mke wake akatafuta mhuri, na baada ya soda mbili ikaandikwa kwamba nane za mnunuzi asizoziona zimeonekana kwa Kapopo, na kwamba atakayezilipa ni mnunuzi."

Hapo nimekata. Yule mnunuzi ni mimi, nadhani mmeshamjua. Muwa ni wangu kabisa.

Nimebadilisha pia kitu kimoja kibandani, tangu juzi. Nina bei mbili ubaoni: ya makavu na ya mabichi. Chupa ya chumvi ipo mezani. Mzee mmoja aliiona akaniuliza kama nimeanza uganga.


Shangazi_Bombo aliandika:

Vizuri. Ila mwanamke aliyepoteza siku mbili za chakula humweki kwenye kesi kabla hajala. Mpe kwanza ile posho.


MizaniBweyale aliandika:

Nimempa, shangazi. Iko ukurasa unaofuata, anakula akiwa amefumba macho. Mpwa wangu ameisoma mwenyewe safari hii, kidole chini ya mstari, mpaka mwisho. Nikamsubiri. Akasema yote yamekaa sawa, ila kuna jambo sikuliandika: ile posho yote anailia na nini?

Nikamwambia, na maharage ya Mzee Kapopo. Yameshalowa, wangeyafanya nini tena?